Kilo 108 kwa miezi saba: kamera ilizimwa mapema mno

Bila shaka picha hiyo umeiona. Kushoto mtu mnene, kanuna, mwanga hafifu, tumbo limeachiwa. Kulia mtu yuleyule, kakonda, anacheka, nguo mpya. Chini yake namba: kilo 30, kilo 50, siku 90. Iko kwenye stetasi za WhatsApp, iko kwenye mabango ya chai ya kupunguza kitambi, iko kwenye televisheni. Nataka tuiangalie kwa makini leo, kwa sababu mwaka juzi picha ya namna hiyo ilimkatisha tamaa shangazi yangu. Na mimi ninayesomea fiziolojia nilikuwa nimekaa pembeni yake, natafuna karanga, sikusema kitu.

Ilikuwa hivi. Shangazi aliambiwa kliniki kwamba sukari yake imeanza kupanda. Bado haijawa kisukari, ila iko njiani. Akashauriwa apunguze uzito. Alikuwa na kilo 84. Akaanza kutembea jioni, akapunguza ugali na soda, na baada ya miezi mitano akawa na kilo 79. Sasa siku moja tumekaa sebuleni anaangalia kwenye simu vipande vya shindano la zamani la Marekani, The Biggest Loser. Mtu kapanda mizani, namba zinazunguka, muziki umepanda, ukumbi mzima unalia kwa furaha. Shangazi akaweka simu chini akasema, "Mwanangu, mwenzio kapunguza kilo mia, mimi tano tu zimenitoa roho. Basi hii si kazi yangu." Mwezi uliofuata akaacha kutembea.

Makala hii ndiyo jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Shindano lenyewe

Kama hulijui, The Biggest Loser lilianza kurushwa na kituo cha NBC mwaka 2004. Washiriki wenye uzito mkubwa walikaa pamoja kambini, wakafanya mazoezi saa nyingi kila siku huku wakila kidogo, wakufunzi wakiwafokea. Kila kipindi kiliishia kwenye mizani. Aliyepunguza asilimia kubwa zaidi ya uzito wake hadi fainali aliondoka na dola 250,000. Mshindi wa msimu wa 8, mwaka 2009, Danny Cahill, alianza na takriban kilo 195 akamaliza na kama 87. Yaani alipunguza kilo 108 ndani ya miezi saba.

Naomba tuelewane hapa. Namba hiyo si ya uongo. Hakuna aliyechezea mizani, na yule mtu kweli alifanya kazi ngumu ajabu. Kwa hiyo ukosoaji wangu si ule wa kawaida wa kusema "haya mambo ni ya kuigiza". Kasoro ya kipindi hiki iko kwenye mahali pa kuanzia kuhesabu na mahali pa kuacha.

Wiki ya kwanza, kwa kalamu na karatasi

Tuanze na mahali pa kuanzia. Wiki ya kwanza ya msimu, mshiriki kupunguza kilo 10 au zaidi lilikuwa jambo la kawaida. Hebu tupige hesabu.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba nishati ya takriban kalori 7,700. Kilo 10 ni kalori 77,000. Gawa kwa siku saba, unapata pengo la kalori 11,000 kila siku. Mtu wa kilo 150 akiwa amepumzika anatumia kama kalori 2,600 kwa siku. Tuseme hali kitu kabisa, na kila siku anakimbia marathoni nzima: kwa kanuni ya kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita, hiyo inaongeza kama 6,300. Jumla kama 9,000. Bado hajafika!

Kwa hiyo kilo 10 zile haziwezi kuwa mafuta matupu. Kuna kitu kingine kilichotoka, na sehemu kubwa ya kitu hicho ni maji. Mwili huhifadhi wanga kwenye ini na misuli kwa umbo la glaikojeni, karibu nusu kilo hivi kwa mtu mzima, na kila gramu ya glaikojeni hushikilia takriban gramu tatu za maji. Ukipunguza chakula ghafla, akiba hiyo inatumika, maji yanaachiwa, na kilo mbili zimeondoka. Ukipunguza chumvi, maji mengine yanatoka. Ukitoka jasho saa nyingi, mengine tena. Utumbo nao unabaki na mzigo mdogo. Hakuna ubaya wowote hapo, ila maji hayo yanarudi siku utakayokula wali wako kama kawaida.

Umeona sasa kwa nini matangazo yote ya chai na vidonge yanapenda kuahidi "siku 7"? Wiki ya kwanza ndiyo wiki pekee ambayo mizani inashuka haraka hivyo. Nayo ndiyo wiki inayotuambia machache zaidi kuhusu mafuta.

Miaka sita baada ya makofi

Sasa twende mahali pa kuacha. Kipindi kiliisha fainali, karatasi za rangi zikaanguka kutoka darini, taa zikazimwa. Mtafiti Kevin Hall, wakati huo akiwa NIH, taasisi za afya za serikali ya Marekani, akafanya jambo ambalo televisheni haikufanya: alisubiri. Yeye na wenzake waliwapima washiriki 14 wa msimu ule wa 8 mwanzoni, mwishoni mwa wiki 30 za shindano, kisha miaka sita baadaye. Matokeo yalitoka mwaka 2016 kwenye jarida la Obesity.

Kwa wastani walianza na kilo 148.9. Mwisho wa shindano walikuwa na 90.6. Miaka sita baadaye walikuwa na 131.6. Kati ya kilo 58 walizopunguza, 41 zilirudi. Cahill mwenyewe, bingwa, alirudisha zaidi ya kilo 45.

Hebu fikiri namna picha ya "kabla na baada" inavyofanya kazi. Ni grafu yenye nukta mbili tu. Ukitaka mstari uonekane unashuka, unachagua nukta ya pili pale chini kabisa. Ongeza nukta ya tatu na hadithi nzima inabadilika. Mwanafunzi yeyote akileta grafu ya namna hiyo kwa msimamizi wake atarudishwa mlangoni. Televisheni iliileta kwa zaidi ya miaka kumi, na tukapiga makofi.

Lakini kilichoshtua zaidi kwenye utafiti ule ni moto wa ndani. Umetaboli, yaani shughuli zote za kemikali zinazouweka mwili hai, una gharama yake hata ukiwa umelala. Mwanzoni washiriki walikuwa wanatumia kama kalori 2,600 kwa siku wakiwa wamepumzika. Mwisho wa shindano, kama 2,000. Kushuka kiasi fulani ni lazima: mwili mdogo unakula kidogo, kama pikipiki na lori. Ila walishuka kupita kiasi ambacho ukubwa wa miili yao ulitabiri. Na miaka sita baadaye, wengi wakiwa wameshanenepa tena, moto ule haukurudi. Walikuwa wanatumia kama kalori 500 pungufu kwa siku kuliko mtu mwingine wa umri na mwili kama wao. Kalori 500 ni takriban chapati mbili. Kila siku.

Kuna na homoni ya leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994. Hutengenezwa na mafuta ya mwili na kuuambia ubongo, "akiba ipo, tulia". Washiriki walipomaliza shindano leptini yao ilikuwa karibu kuisha. Miaka sita baadaye ilikuwa imerudi kiasi, haijafika ilipoanzia. Ubongo usiposikia sauti ya akiba, unapiga king'ora cha njaa. Kwa hiyo mtu anatumia kidogo na anatamani kula zaidi, vyote kwa pamoja. Kwenye kamera hali hii iliitwa kukosa nidhamu.

Na vichwa vya habari navyo

Ningeweza kuishia hapa nikawaachia televisheni lawama zote. Ila habari za mwaka 2016 nazo zilikosea, upande wa pili. Utafiti ulipotoka, ujumbe uliosambaa ulikuwa: ukipunguza uzito haraka unaharibu umetaboli milele, kwa hiyo umekwisha. Watu wengi wameushika huo hadi leo. Umewahi kuusikia jimu, sivyo?

Soma utafiti wenyewe uone. Kwanza, ni watu 14, tena waliopitia mazoezi ya kupindukia. Pili, na hili ndilo husahaulika kila mara: kushuka kwa umetaboli mwishoni mwa shindano hakukutabiri nani atarudisha uzito. Tena wale waliofaulu kubaki wepesi zaidi baada ya miaka sita ndio waliokuwa na umetaboli ulioshuka zaidi. Soma sentensi hiyo tena. Kama moto kupungua ndiyo sababu ya kunenepa, wao ndio wangenenepa zaidi.

Mwaka 2017 kundi hilohilo la watafiti likatoa jambo jingine: walioshikilia uzito mdogo walikuwa wameongeza shughuli za mwili kwa takriban asilimia 160 kulinganisha na kabla ya shindano. Waliorudisha walikuwa wameongeza kwa kama asilimia 34.

Inakuwaje basi? Hapa hadithi ya California inapita nyumbani kwetu, kandokando ya Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nishati vya Wahadzabe, watu wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya chakula. Waliwapa maji yenye atomu maalumu zinazoweza kufuatiliwa kwenye mkojo, njia ambayo inapima nishati yote mtu anayotumia akiwa kwenye maisha yake ya kawaida, bila kumfungia maabara. Wanaume wa Kihadzabe walikuwa wanatembea kama kilomita 11 kwa siku, wanawake kama 6. Ungetarajia wachome nishati kuliko karani wa Marekani anayekaa kitini kutwa. Ukishazingatia ukubwa wa mwili, hapakuwa na tofauti. Inaonekana mwili unapofanya kazi nyingi muda mrefu, hubana matumizi mahali pengine ili bajeti ya siku isivuke sana.

Mwaka 2022 Hall mwenyewe alirudi kwenye data zake akazitazama kwa jicho hilo. Alipendekeza kwamba kushuka kwa umetaboli kwa washiriki wale kunaweza kuwa ni mwili kubana bajeti kwa sababu ya mazoezi mengi, si injini iliyoungua. Hilo lingeeleza kwa nini waliofaulu, waliokuwa wakifanya mazoezi zaidi, ndio walioshuka zaidi.

Kwa hiyo "umetaboli umeharibika milele" ni tafsiri ya haraka ya jambo ambalo mtafiti mwenyewe ameendelea kulifikiria. Sayansi ndivyo inavyokwenda. Bahati mbaya kichwa cha habari cha mwaka 2016 kilisomwa na mamilioni, na marekebisho ya 2022 yakasomwa na sisi wachache wenye nywila za maktaba ya chuo.

Filamu ya kutubu

Agosti 2025 Netflix ikatoa filamu ya makala ya sehemu tatu kuhusu shindano hilo, Fit for TV: The Reality of the Biggest Loser. Washiriki wa zamani wanazungumza, akiwemo Cahill. Mkufunzi Bob Harper yumo, watayarishaji wamo. Jillian Michaels, mkufunzi aliyevuma zaidi, hakushiriki.

Niseme kilicho kizuri kwanza. Filamu inafanya lile ambalo kipindi kilikataa kulifanya: inaongeza nukta ya tatu. Unamwona mtu uliyemwacha amesimama kwenye mwanga wa fainali, sasa ameketi kwenye kiti cha kawaida, na mwili wa kawaida, anasimulia. Hilo peke yake ni sahihisho, na ningependa kila aliyeangalia shindano aangalie na hii.

Ila kwa maoni yangu inatumia nguvu nyingi kutafuta mkosaji. Nani alijua nini, nani alimfokea nani, nani aliruhusu. Maswali ya haki hayo. Lakini ukimaliza sehemu zote tatu unaweza kutoka na wazo kwamba kama wakufunzi wangekuwa wapole, mambo yangekwenda sawa. Haiko hivyo. Leptini haijui kama umefokewa au umekumbatiwa. Hata kambi yenye upendo mwingi, ikimpunguza mtu kilo 58 kwa wiki 30 kisha ikamrudisha nyumbani, italikuta jibu lilelile la mwili. Na filamu bado inazitumia picha zilezile za mizani na miili iliyovuliwa mashati, kwa sababu ndizo zinazotufanya tusibadilishe chaneli. Inakosoa mapishi huku inatupakulia chakula kilekile.

Sindano ni sura mpya ya picha ileile

Usidhani ni habari za zamani. Siku hizi nukta mbili zinaletwa na sindano. Semaglutidi, dawa iliyomo kwenye Ozempic na Wegovy, si kiini macho. Kwenye jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2021, watu 1,961, wiki 68, waliopewa dawa walipunguza wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao. Waliopewa dawa bandia asilimia 2.4. Ni matokeo makubwa. Tofauti na mkufunzi anayefoka, dawa hii inagusa king'ora chenyewe cha njaa.

Lakini watafiti walifuatilia baadhi yao mwaka mmoja baada ya kuacha sindano, na theluthi mbili ya uzito uliopungua ilikuwa imerudi. Watafiti wengi wanalisoma hilo hivi: unene ni hali ya muda mrefu kama shinikizo la damu, ukiacha dawa shinikizo linapanda. Kwenye kurasa za mastaa unaonyeshwa gauni tu. Huonyeshwi bei ya mwezi, wala kichefuchefu, wala swali la nini kitatokea dawa ikiisha.

Kilo ambazo hazina kipindi

Turudi kwa shangazi sasa. Kuna jaribio moja ambalo natamani lingepewa muziki na taa za fainali. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2002. Watu 3,234 nchini Marekani, hali kama ya shangazi kabisa: sukari imepanda, kisukari bado. Kundi moja liliwekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya wastani, kama kutembea haraka, dakika 150 kwa wiki. Dakika 150 ni nusu saa, siku tano.

Unajua walipunguza kiasi gani kwa wastani? Kilo 5.6. Basi. Hakuna mtu atakayekulipa dola 250,000 kwa kilo 5.6. Jirani anaweza asione hata tofauti.

Na kwa kilo hizo, hatari ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58 ikilinganishwa na waliopewa kidonge bandia. Kundi la dawa ya metformini lilipunguza kwa asilimia 31. Baada ya muda baadhi ya kilo zilirudi, ndiyo, hawa nao ni binadamu. Hata hivyo walipofuatiliwa hadi miaka 15, kundi lile bado lilikuwa na visa vichache vya kisukari kwa asilimia 27.

Shangazi alitoka kilo 84 akafika 79. Piga hesabu: ni karibu asilimia 6. Alikuwa amebakiza kilo moja hivi kufikia lengo la jaribio hilo. Alikuwa anashinda. Televisheni ikamwambia hajaanza hata kucheza, naye akaamini, akavua raba.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema vipindi hivi "angalau vinahamasisha". Vinamhamasisha nani? Kwa shangazi vilifanya kilo tano za kweli zionekane takataka. Na tukumbuke kwetu kupungua uzito kuna mzigo wake mwingine: ukikonda kidogo mtaani unaulizwa kama unaumwa, ukinenepa unaambiwa ndoa imekukubali. Mtu anayejaribu kupunguza kilo tano hapa anapambana na njaa, na mashemeji, halafu na Hollywood juu yake.

Kwa hiyo ukikutana tena na picha ile, jiulize mambo matatu kabla ya kuisambaza. Nukta ya tatu iko wapi, yaani baada ya mwaka mmoja, baada ya mitano? Kati ya kilo zilizotajwa, za wiki ya kwanza ni ngapi? Na kilichopimwa ni mizani tu, au kuna sukari, presha, pumzi ya kupanda ngazi? Ukikosa majibu, hiyo picha ni tangazo. Na kama wewe mwenyewe una sukari au presha, mpango wako uupange na kliniki yako, usiupange na stetasi ya mtu.

Sikukuu iliyopita nilikwenda kwa shangazi na daftari. Nikamwamkia, nikamchorea ile grafu ya nukta tatu, nikamwandikia 5.6 na 58. Aliitazama muda mrefu. Kisha akauliza, "Sasa hizi tano zangu kwa nini hukuniambia siku ile?" Sikuwa na jibu. Ameanza kutembea tena jioni, siku mbili tatu kwa wiki, na nikiwa nyumbani naenda naye.